Mabua Yaliyolowa Ukutani kwa Skola

Nina miaka thelathini na sita. Ni mkulima wa kahawa, mahindi na ngano kidogo katika kijiji kimoja cha juu milimani, huku Mbinga, upande wa Litembo. Nilijaliwa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja nilimzika akiwa na miaka tisa, amevaa gauni lake jeupe la Komunyo ya Kwanza. Watu bado wananiita Mama Skola. Wanadhani wananiheshimu... Laiti wangejua wanavyonichoma!

Lakini usinionee huruma mapema, ndugu msomaji. Iweke kwanza huruma yako. Ukimaliza kusoma huenda ukampa mtu mwingine.

Mimi ni mwanamke mwenye mdomo, sifichi. Kwenye jumuiya nikisimama kusema, hata katekista anakaa chini. Bodaboda akinipandishia nauli anajuta kunibeba. Mama mkwe wangu aliwahi kusema mbele za watu kwamba mwanawe hakuoa mke, alioa redio. Na ni kweli! Sasa siku niliyotakiwa kumwambia mume wangu maneno mawili tu, "Yalilowa, Gaudensi," mdomo huo ulikufa ganzi. Nilipewa nafasi tatu za kuyasema maneno hayo. Zote tatu nilidanganya.

Skola wangu alizaliwa na kifua kibaya. Pumu, walisema hospitalini. Nani asiyeijua baridi yetu? Mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi unatoa moshi mdomoni kama jiko. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya matofali mabichi yaliyopasuka, upepo ukiingia na kutoka bila hodi. Baridi ikianza tu, mtoto anabanwa... Unamsikia anavuta pumzi kama mtu anayekata mbao kwa msumeno butu. Mimi na baba yake tulimpakata kwa zamu, tukihesabu pumzi zake.

Baba yake, Gaudensi, ni fundi seremala. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na kazi ya mikono yake ilisifiwa hadi kijiji cha Mapera. Siku moja aliitwa kwenye semina ya mafundi mjini Mbinga. Alikuwapo mtaalamu aliyefundisha kujenga nyumba za joto kwa vitu vya hapa hapa. Unasimamisha fremu ya mbao. Ndani ya fremu unapanga marobota ya mabua ya ngano yaliyokandamizwa. Nafasi zinazobaki kati ya robota na nguzo unazishindilia karatasi chakavu zilizochanwa vipande vidogo na kuchanganywa na unga mweupe wa kuzuia ukungu na moto. Halafu unapiga lipu ya udongo na chokaa, ndani na nje. Mabua na karatasi vikikaa pamoja, alisema, vinashika joto kama blanketi.

Gaudensi alirudi nyumbani mtu mwingine kabisa. Mume wangu yule wa maneno machache aliongea mpaka ugali ukapoa! Akamwita Skola, akamwambia atamjengea nyumba ambayo baridi itapiga hodi nje mpaka ichoke. Mtoto alicheka hadi akakohoa.

Tukaanza. Agosti tulivuna ngano yetu na kuomba mabua kwa majirani. Gaudensi alitengeneza sanduku la mbao la kukandamizia, tukawa tunajaza mabua, tunakanyaga, tunafunga kwa kamba ya katani. Skola naye alikanyaga, anarukaruka ndani ya sanduku na kuimba nyimbo za shule. Msingi Gaudensi aliuinua kwa mawe hadi usawa wa magoti, ili maji ya ardhini yasifike kwenye mabua. Bati la paa alilitoa nje mkono mzima, ili mvua isipige ukuta. Hakuna alichokisahau. Nataka hilo mlijue, kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Karatasi tulizichana mimi na Skola, Jumamosi baada ya Jumamosi. Yalikuwa magazeti makuukuu na madaftari ya shule. Skola alileta na ya kwake ya darasa la kwanza na la pili. Nilimwambia abakize moja la kumbukumbu. Akasema, "Mama, si yatakuwa ukutani kwangu? Nitakuwa nalala nayo."

Sharti lilikuwa moja tu, na Gaudensi alilishika kama amri ya Mungu. Kila robota kabla halijapanda ukutani, aliingiza mkono katikati yake hadi kwenye kiwiko, kwenye moyo wa robota. Mkono ukitoka mkavu, robota linapanda. Ukitoka na ubaridi wa maji, linakwenda kwa ng'ombe, hata kama kwa nje linang'aa. Mtaalamu alikuwa amewaonya kwamba mabua yenye maji yakishafungiwa ndani ya lipu hayana pa kukaukia. Nilimwona kwa macho yangu akiyakataa marobota mawili mazuri, nikanung'unika.

Kuta tatu zikasimama. Ukabaki wa nne, wa chumbani kwa Skola, ule unaotazama upepo.

Haya. Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Padri alitangaza Komunyo ya Kwanza siku ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba. Skola alikuwa kwenye orodha. Nikaapa kwamba sherehe itafanyika ndani ya nyumba mpya, liwalo na liwe! Nilikuwa nimeshatangaza kwenye jumuiya, nimeshatangaza sokoni, nimeshampigia simu wifi yangu Emerensiana anayekaa Songea na masofa yake, anayekuja kwetu na kukaa ukingoni mwa kiti kama vile kitamchafua. Mdomo wangu ulikuwa umetangulia mbele, nyumba ikawa inaukimbiza.

Mwanzoni mwa Novemba, Gaudensi alipata kazi ya kuezeka banda la kahawa kijiji cha Kitura, wiki moja. Kabla ya kuondoka aliyafunika marobota ya ukuta wa nne kwa turubai la bluu, akakandamiza kwa mawe pande zote. Akaniambia, "Mama Skola, turubai hili lisitoke hata akija Baba Askofu kuliazima."

Nilicheka. Siku ya tatu nikalitoa.

Nilikuwa na maharage ya sherehe ya kuanika, mkeka hautoshi, na jua lilikuwa la kuchoma utosi. Nikasema, kwa saa mbili tu kuna nini? Nikatandaza turubai, nikayamwaga maharage, nikamwomba mama mkwe ayaangalie. Mimi na Skola tukapanda bodaboda kwenda mjini kwa fundi cherehani kujaribu gauni.

Skola alikuwa amesimama juu ya kiti, gauni limemkaa kama lilizaliwa naye, fundi amebana pini mdomoni... ndipo mvua ikapiga bati kama mtu anayemwaga kokoto. Nilijua hapo hapo! Nikashika kiti cha Skola kwa mikono miwili. Fundi aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana, ni furaha.

Tulipofika nyumbani tulimkuta mama mkwe amejaa tabasamu. Alikuwa ameyaokoa maharage yote, hata punje haikulowa. Maharage, jamani! Kwake mabua yalikuwa mabua tu, mvua ikiyanyeshea kuna ajabu gani? Marobota ishirini yalikuwa yanachuruzika maji.

Niliyaanika siku tatu, nikayageuza asubuhi na jioni. Kwa nje yakakauka, yakarudi rangi yake ya manjano, ukiyapapasa yanachakarisha vizuri. Lakini moyoni mwa robota sikuingiza mkono. Niliogopa. Unanielewa, ndugu yangu? Niliuogopa mkono wangu mwenyewe, kwamba ukiingia utaniletea habari. Nikayafunika tena na turubai, kila jiwe mahali pake, kama vile hakuna kilichotokea.

Gaudensi aliporudi kutoka Kitura, zilikuwa zimebaki siku tisa. Akaniuliza kama mvua ilipiga huku. Nikasema ilipiga. Akauliza kuhusu marobota. Nikasema hata tone halikuyagusa.

Akauliza, "Uliingiza mkono?"

"Niliingiza. Makavu kabisa."

Alinitazama, akatabasamu, akaanza kuyapanga. Alikuwa amechoka na alikuwa ananipenda. Kwenye kuta tatu aliuamini mkono wake. Kwenye ule wa nne aliniamini mimi.

Sasa kuna jambo ambalo wewe msomaji wa mbali huenda hulijui. Sisi Wamatengo tunalima kwa ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza mlimani kwa mistari inayokatana, wanawake tunachimba udongo wa katikati na kuyafukia, kisha tunapanda maharage juu yake. Shimo linabaki katikati kuzuia maji. Yale majani yaliyofukiwa yanachemka, yanaoza, yanakuwa mbolea. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa binti. Ukiingiza vidole kwenye tuta baada ya siku chache, unakuta joto.

Basi Gaudensi alilaza, mimi nikafukia. Lipu ya ukuta ule niliipiga mimi, kwa mikono hii hii, nikailainisha kwa kiganja mpaka ikateleza. Mwanamke wa ngolo mzima! Mwanamke ninayejua udongo unafanya nini kwa majani yenye maji! Nilisimamisha ngolo wima, halafu nikasogeza kitanda cha mwanangu ubavuni mwake. Mgeni angeweza kusema hakujua. Mimi nitasema nini?

Sherehe ilifana. Skola alipokea Komunyo, kitambaa cheupe kichwani, mikono imefumbatwa. Nyumba ilijaa watu, na Emerensiana mwenyewe alizunguka vyumba vyote akakosa la kukosoa. Kisha mama mkwe akaingia chumbani kwa mjukuu wake, akaegemeza mgongo ukutani, akapiga ukelele wa furaha, "Jamani, njooni mguse! Ukuta huu una joto kama ngolo la mwezi wa tatu!"

Watu wakafurika. Mmoja mmoja wakaweka viganja, wakashangaa, wakampongeza Gaudensi. Ukuta ulikuwa vuguvugu kweli, kama ubavu wa ng'ombe. Gaudensi alifuta machozi, akidhani ni ufundi wake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la pilau, likaniponyoka. Walicheka, wakasema mama mtu kazidiwa na furaha.

Ningesema siku ile, ukuta ungebomolewa kesho yake. Aibu ya wiki moja, basi, yaishe! Badala yake nilikusanya pilau sakafuni.

Joto lile lilikwisha kabla ya Krismasi. Januari ikaja harufu. Skola ndiye aliyeisema kwanza, "Mama, ukuta wangu unanuka shamba." Yakatokea madoa ya kijivu chini, kisha meusi, yakapanda kama ramani. Gaudensi alinusa, akakunja uso, akaniuliza tena kama kweli yale marobota yalikuwa makavu. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili. Nikamjibu kwa ukali! Nikasema ananifanya mwongo ndani ya nyumba yangu, nikasema ni lipu inakauka, mvua za mwaka huu ni nyingi. Akaomba radhi. Yeye akaniomba radhi mimi...

Alipokuwa akienda kazini, mimi nilichukua brashi na chokaa nikayafunika madoa. Yakarudi, nikayafunika tena. Ukaota uyoga mdogo mdogo chini ya kitanda. Nikawa nauchuma kila asubuhi na kuutupa motoni kabla mtu hajauona. Nilikuwa nachuma uyoga chumbani kwa mwanangu kama mtu anayechuma mboga!

Na Skola akaanza kubanwa. Si kwa baridi, maana ilikuwa bado masika. Tulimpeleka hospitali, wakamtibu vizuri, wakampa dawa ya kuvuta. Baada ya siku tano akawa anacheka na wagonjwa wenzake. Tukarudi naye nyumbani. Wiki haikuisha, akabanwa tena. Tukarudi hospitali, akapona. Nyumbani, akabanwa. Mtoto gani anapona kwa wenzake na kuumwa kwao? Nilijua. Mifupa yangu ilijua.

Niliwahi kumhamishia chumbani kwetu, nikasingizia panya. Gaudensi alimrudisha baada ya siku mbili. Alisema ukuta ule ndio uliokuwa wa joto kuliko zote, akausogeza mto wa mtoto ukagusa lipu. Alifanya hivyo kwa upendo mtupu, na mimi nilisimama pale nikishika shuka.

Daktari, kijana mwungwana, alitukalisha siku moja akauliza maswali yake. Mnapikia ndani? Hapana. Mna paka? Hapana. Kisha akaniangalia mimi na kuuliza kama kuna unyevu au ukungu mahali anapolala mtoto. Gaudensi alikuwa ametoka kufuata dawa dirishani. Tulikuwa wawili tu, mimi na daktari, na mlango umefungwa. Nani angejua? Ningeweza kumnong'oneza tu.

Nikasema, "Hapana, daktari. Nyumba yetu ni mpya."

Mara tatu, kama yule mtume. Yeye angalau alitoka nje akalia. Mimi nilishukuru, nikachukua kikapu changu.

Ilikuwa alasiri ya Aprili. Skola alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, anaandika kazi ya shule. Nilikuwa nje napembua mahindi nikasikia penseli imeanguka. Sijui kwa nini niliisikia. Nilipoingia alikuwa ameshika koo, midomo imekuwa ya bluu, ile dawa ya kuvuta ipo mkononi na haisaidii. Alinionyesha dirisha kwa kidole nimfungulie. Nililifungua, na upepo wa milimani ukaingia mwingi, lakini kwake haukuingia.

Bodaboda ilituchukua watatu, Skola katikati yangu na dereva. Barabara ilikuwa tope tupu, tunateleza, tunashuka, tunasukuma. Gaudensi alitufuata kwa miguu, akikimbia, akaanguka mara sijui ngapi. Wauguzi walimpokea mtoto mlangoni wakakimbia naye. Walifanya kila kitu, Mungu awabariki. Gaudensi alifika amejaa tope hadi kichwani, akamkuta ameshafunikwa.

Daktari hakusema ukuta ndio uliomuua. Alisema pumu. Mimi ndiye ninayesema.

Baada ya matanga, Gaudensi alikuwa anashinda chumbani kwa Skola. Siku moja aliegemea ukuta, na lipu ikabonyea chini ya mgongo wake. Akageuka, akaibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akachukua jembe.

Nilisimama mlangoni nikitazama. Mabua yalitoka meusi, yanashikana kama mbolea ya ngolo, yananuka. Unga mweupe haukuwa umefua dafu. Karatasi zilikuwa zimeyanyonya maji ya mabua na kuyasambaza ukuta mzima, zimekuwa uji. Pale juu tu, karibu na boriti, palibaki kifungu kidogo kikavu. Gaudensi alikichomoa. Ilikuwa karatasi ya daftari, mwandiko wa Skola wa darasa la pili, na alama ya vema ya mwalimu kwa wino mwekundu. Aliisoma kwa sauti: "Baba yangu ni fundi. Baba yangu anajenga nyumba."

Kisha akakaa chini kwenye uchafu ule, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume. Alisema, "Nimemuua mwanangu kwa ufundi wangu."

Na mimi, ndugu msomaji... mimi nikamkumbatia. Nikamwambia ni mipango ya Mungu.

Nikamwacha aubebe mzigo ule miaka miwili! Mwalimu wa Mapera aliyekuwa amemwomba amjengee nyumba kama yetu alituma salamu kwamba ameahirisha. Kisha wengine. Vijana sokoni walimwita fundi majani. Mama yake mzazi alimwambia mbele ya ukoo kwamba kiherehere cha kuiga mambo ya kigeni kimemlia mjukuu. Alipokea yote kichwa chini. Akaacha kazi, akaanza pombe, mtu ambaye hata kwenye harusi alikuwa anakunywa soda. Na mimi na mdomo wangu huu, ninayegombana na bodaboda kwa nauli, sikuwa na la kusema la kumtetea mume wangu. Mwanzo nilijiambia nangoja atulie. Baadaye nikajiambia imeshapita. Uongo hauishiwi sababu.

Nilikwenda kitubio. Yaliyosemwa mle yabaki mle, lakini nilitoka nikijua kwamba Mungu siye pekee niliyemkosea.

Mwaka huu, siku moja asubuhi, nilimkuta Gaudensi amewasha moto uani. Alikuwa anachoma vifaa vyake. Sanduku la kukandamizia marobota, lile ambalo Skola alikuwa akirukaruka ndani yake, lilikuwa linawaka. Akatupia randa. Akaunyoosha mkono achukue msumeno.

Nikasema, "Yalilowa, Gaudensi."

Aligeuka. Nikamweleza yote, maharage, turubai, chokaa, uyoga, daktari. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Nilitamani anipige. Nilimwomba anipige! Alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake ule ule, kisha akaniuliza swali moja tu, lile lile.

"Uliingiza mkono?"

"Sikuingiza."

Akatikisa kichwa taratibu. Akachukua kijiti, akaitoa randa motoni, mpini umeshaungua upande mmoja. Akaifuta kwa shati lake, akaitia kwenye mfuko pamoja na msumeno. Ile karatasi ya Skola ikachungulia kwenye mfuko wa shati; alikuwa nayo siku zote hizo, sikujua. Siku hiyo hiyo mchana akateremka ziwani, kwa kaka yake Mbamba Bay. Kule Nyasa ni joto, watu wanalala madirisha wazi, hakuna anayehitaji ukuta wa kumkinga na baridi. Nasikia anatengeneza milango na ameacha pombe. Nilipotaka kumfuata, Emerensiana aliniandikia ujumbe wa simu: "Kaka Gaudensi amesema usije."

Mama mkwe naye ameshayajua yote. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila asubuhi nikipita na ndoo namwamkia, "Shikamoo, mama." Haitikii. Anaendelea kufagia. Kesho nitamwamkia tena.

Sikuandika haya ili mniombee. Nimeandika kwa sababu najua kati yenu kuna mtu ambaye leo ameficha jambo dogo. Limelowa kidogo tu, kwa nje limeshakauka, na umebakiza kulipiga lipu. Tafadhali nakusihi, usilifukie! Aliyekuamini usimwache alaze kichwa chake hapo. Sema leo, uchekwe leo, ugombezwe leo. Na kama mnajenga nyumba ya mabua kama yetu, jengeni, ni nyumba nzuri, mume wangu hakukosea. Lakini ingizeni mkono. Hata kama mnaogopa mtakachokigusa, ingizeni mkono.

Mimi bado naishi humo. Kuta tatu za Gaudensi ni kavu hadi leo, ukigusa utazisifu. Wa nne haupo. Nafasi yake nimeiziba kwa lile turubai la bluu, na kitanda cha Skola nalalia mimi. Huu ni mwezi wa sita, upepo unaligonga turubai tangu asubuhi. Gaudensi alimwambia mwanawe kwamba baridi itapiga hodi mpaka ichoke. Haijachoka.